Makapi Meusi ya Kibingo

Chupa ya dawa ya kupe ilisimama katikati ya meza. Koplo Kemirembe aliigeuza mara ya tatu. Kifuniko kilikuwa na mkanda wake wa plastiki, mzima, haujakatwa popote.

"Mama Mukandekezi, nieleze tena. Polepole."

"Nimeshaeleza mara nne, mwanangu."

"Mara nne umewaeleza wengine. Mimi nimeletwa leo asubuhi kutoka Karagwe, sijasikia hata mara moja."

Mukandekezi alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mwembamba, amelala mahabusu ya Kaisho tangu jana mchana. Alikifunga kitenge upya, akakaza fundo, ndipo akasema.

"Jumanne nilinunua dawa hiyo ya kuogeshea mbuzi wangu. Nyumbani kuna wajukuu, wanashika kila kitu. Nikaificha ndani ya ndoo, nikafunika. Jumatano alfajiri nikabeba ndoo kwenda chemchemi, nimesahau kabisa. Kufika pale napindua ndoo, chupa hiyo. Nikaiweka juu ya jiwe ili nichote maji. Clavery akatokea, akaona chupa, akaanza kupiga kelele."

"Hukumimina kitu?"

"Ningemimina nini na imefungwa? Halafu maji yale si nakunywa mimi?"

Nje dereva alikuwa amefungua boneti ya gari la polisi, anaongeza maji. Inspekta Mwesiga, mkuu wa kituo, alisimama mlangoni na faili kwapani.

"Saa nane gari linaondoka naye kwenda mahakamani, Koplo."

"Afande, chupa haijafunguliwa."

"Hiyo haijafunguliwa. Na kama zilikuwa mbili? Watoto watatu wanatapika zahanati. Ndama wawili wamekufa. Na nina maelezo ya mtu aliyeona." Alifungua faili. Chini ya karatasi kulikuwa na dole gumba la Clavery, la wino wa bluu, limekandamizwa vizuri.

"Na vijana wa kijijini kwake, Kibingo?"

"Wamesema gari likipita naye tu, nyumba yake wanaibomoa. Nikimwachia bila sababu wanayoielewa, wataibomoa yeye akiwa ndani. Nina askari wanne."

Mukandekezi alisikia yote. Hakulia. Aliuliza tu, "Wajukuu wangu wako wapi saa hizi?"

"Kwa jirani," alisema Mwesiga.

"Jirani gani? Majirani si ndio hao wenye nyundo?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu. Kemirembe alikuwa tayari amesimama.

*

Bwana mifugo Nestory alimbeba kwenye pikipiki yake. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na upepo haukumzuia.

"Nilipigiwa simu Jumatano saa moja asubuhi," alisema amegeuza shingo. "Clavery mwenyewe. Ndama wanagonga migomba, anasema."

"Angalia mbele."

"Naangalia. Nikafika, nikawakuta wameegemeza vichwa kwenye ukuta wa banda. Macho wazi, hawaoni. Nikapitisha mkono mbele ya jicho hivi..."

"Nestory, mkono!"

Alirudisha mkono kwenye usukani. Kemirembe alingoja kona ipite.

"Dawa ya kupe ingewafanyaje?"

"Wangetoa mate mpaka yachuruzike. Wangetetemeka. Hawa hawakutoa hata tone. Alhamisi walipokufa nikampasua mmoja, na tumboni palinuka gereji."

"Gereji?"

"Gereji, dada. Kama fundi amejifutia mikono humo ndani. Nilimwambia Inspekta, akaniuliza majibu ya maabara yako wapi. Maabara! Nimetuma jana, yatakuja lini sijui."

Kemirembe alihesabu kichwani. Clavery alisema alimwona Mukandekezi saa kumi na mbili na nusu. Saa moja ndama walikuwa wameshapofuka.

"Kitu cha kumpofusha ndama hivyo kinachukua nusu saa?"

"Nusu saa? Siku mbili, hata tatu. Hakuna cha nusu saa."

"Siku mbili kabla ya Jumatano ni Jumatatu. Jumatatu kulitokea nini?"

"Hakuna. Mvua tu. Ile ya kwanza tangu kiangazi kianze."

"Chemchemi ile inanywesha mifugo ya nyumba ngapi?"

"Sita. Hata mbuzi wa Mukandekezi wanakunywa pale."

"Na waliokufa?"

"Wa Clavery tu." Nestory alipunguza mwendo bila kuambiwa. "Ah. Mbona mimi sikujiuliza hilo?"

*

Wanawake kama kumi walikuwa wamekaa kwenye ndoo zao tupu, nje ya uzio wa chemchemi. Mlango ulikuwa na kufuli. Ufunguo ulining'inia kwa kamba shingoni mwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na mwenyekiti alikuwa Clavery mwenyewe. Mzee mrefu, koti lake kuukuu, viatu vya mvua. Kibanja chake, migomba na mibuni imechanganyika, kilianza hapo hapo juu ya chemchemi na kupanda mlima kuelekea barabarani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Karibu uone walichotufanyia."

"Afande, huyo mchawi mmemleta alambe sumu yake?" alipaza sauti mwanamke mmoja.

"Nimekuja peke yangu, mama. Nani amekunywa maji haya tangu Jumatatu?"

"Sisi wote."

"Yalikuwaje?"

Walitazamana. Mwingine, mwenye mtoto mgongoni, alijibu. "Jumanne yalikuwa na utando juu, unang'aa rangi rangi. Mtu unaupuliza kando, unachota."

"Mlimwambia mwenyekiti?"

"Tulimwambia. Akasema ni kutu ya bomba."

"Bomba ni la plastiki," alisema Kemirembe.

Clavery alifungua kufuli. Chemchemi ilikuwa imejengewa ukuta wa mawe, bomba linatokea mbele, na nyuma kuna kisanduku cha zege kinachokusanya maji yanayotoka mlimani. Kemirembe alisukuma mfuniko, akakunja mkono wa shati hadi begani, akalala kifudifudi. Mkono ulifika chini. Alitoa konzi ya tope, akalitandaza juu ya jiwe.

Ndani ya tope kulikuwa na vimaganda vyepesi vilivyovunjika, kama kucha za mtoto. Makapi ya kahawa. Lakini makapi ya kahawa ni ya kahawia. Haya yalikuwa meusi.

Alichana karatasi kwenye daftari lake, akasugua kapi moja juu yake, akaiweka juani na kijiwe. Kisha akakaa. Wanawake nao wakakaa. Maji yalikauka haraka. Doa halikukauka. Aliinua karatasi kuelekea juani, na pale penye doa mwanga ulipita.

"Mafuta," alisema yule mwenye mtoto.

"Mzee Clavery, nani anakoboa kahawa huku bondeni?"

"Hakuna. Mashine iko juu, barabarani."

"Makapi yamefikaje humu?"

"Upepo, binti."

"Upepo umeyaingiza chini ya mfuniko wa zege?"

Wanawake walicheka. Clavery hakupenda. "Makapi hayaui mtu! Kibanja changu chote nimekitandaza makapi, tazama mikungu yangu. Muulize yule mwanamke alimimina nini."

"Ulimwona akimimina, au uliona chupa?"

"Niliona chupa."

"Kwenye maelezo umesema alimimina."

"Chupa ya sumu iko juu ya jiwe, mwanamke ameinamia maji. Wewe ungesema anafanya nini, anapika?" Sasa walicheka upande wake. Lakini yeye hakucheka. "Mjukuu wangu ni mmoja wa wale watatu, waitu, jamani. Tangu juzi hajashikilia hata uji. Usije hapa na karatasi yako ukaniambia sikuona."

Kemirembe aliikunja karatasi, akaiweka kati ya kurasa.

"Swali la mwisho, mzee. Ndama wako Jumatatu uliwafunga wapi?"

"Kibanjani, kama siku zote. Chini ya migomba."

Aliandika hilo. Upande wa Rwanda mawingu yalikuwa yameshaanza kujaa. Saa tano na dakika ishirini.

*

Nestory alimshusha kwenye uwanja wa malori, pembeni mwa barabara, umepakana na mashine ya kukoboa kahawa. Malori saba yalikuwa yameegeshwa, mengine yanangoja kahawa, mengine ndizi. Chini kote kulikuwa kumetandazwa makapi, laini, ya kahawia, kama zulia. Mtu mmoja mfupi alikuwa anamwaga mengine kutoka kwenye toroli.

"Wewe ni nani hapa, ndugu?"

"Deodatus. Mlinzi, mfagiaji, mpokea matusi ya madereva. Karibu, afande."

Kemirembe alikwangua kwa ncha ya kiatu. Chini ya kahawia kulikuwa na weusi. Alikwangua zaidi. Weusi ule haukuisha.

"Nani amekuambia ufunike?"

"Mwenye uwanja. Anasema wateja hawapendi kukanyaga oili. Madereva wanamwaga oili hapa hapa, wanapasua betri hapa hapa, unga wake wa chumvichumvi unamwagika, dizeli inavuja. Ukiwaambia wanakuuliza umesoma hadi darasa la ngapi. Basi namwaga makapi. Yanakunywa oili kama mlevi na rubisi."

"Yakishalewa?"

"Mvua inayachukua." Deodatus alitabasamu. "Jumatatu ungekuwepo! Miezi mitatu ya uchafu, nusu saa tu, uwanja ukawa safi kama altare ya Pasaka."

"Yakaenda wapi?"

"Kalavati lile. Yanavuka chini ya barabara, yanaingia kwenye mafunjo upande wa pili, huko hakuna mtu."

Kemirembe alikwenda kwenye kalavati, akachuchumaa. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na udongo ulioshindiliwa, na juu ya udongo nyasi zimeota. Buibui alikuwa ametanda utando kutoka ukingo hadi ukingo. Maji hayakupita hapo Jumatatu. Hayakupita hapo kwa muda mrefu.

Kushoto kwake kulikuwa na mtaro. Haukuwa wa mkandarasi. Ulichimbwa kwa jembe, kingo zimenyooshwa kwa mkono wa mtu anayependa kazi yake, na ulishuka mlima.

"Huu nani amechimba?"

Deodatus alikuja na toroli lake, akakuna kichwa. "Mimi sijui. Ila Jumatatu mvua ilipoanza nilimwona mtu na jembe kule chini, anaukimbilia."

"Alijificha?"

"Ajifiche nini? Alikuwa anaimba."

Tone la kwanza lilimpiga Kemirembe mkononi. La pili likapiga daftari. Kisha bati la mashine likaanza kuvuma, na madereva wakakimbilia ndani ya malori yao.

"Afande, ingia kibandani, utalowa!"

Kemirembe aliingiza daftari kwenye mfuko wa nailoni, akashuka na mtaro.

*

Maji yalimpita kabla hajafika mbali. Yalikuja na sauti, yamebeba makapi juu yake, mengi, yameshikana kama mkeka mweusi, na kati ya mkeka na mkeka maji yaling'aa rangi zile alizosema yule mama. Harufu ya dizeli ilipanda hata ndani ya mvua. Aliteleza, akaanguka kwa goti, akainuka. Mtaro ulipita chini ya ua, yeye akaruka ua.

Ndani ya kibanja Clavery alikuwa anafanya kazi. Koti amelivua, jembe mkononi. Alikuwa ameweka vipande vya shina la mgomba kwenye mtaro kama milango midogo. Alifungua mmoja, maji yakaingia mstari wa kwanza wa migomba, akafunga, akafungua mwingine. Makapi yalibaki kwenye mashina, maji yakaendelea. Na kweli alikuwa anaimba.

"Binti! Utaumwa kifua!"

"Mzee, unafanya nini?"

"Mbolea hii! Inakuja yenyewe. Zamani nilikuwa nayabeba kichwani kutoka barabarani, gunia kwa gunia, mgongo huu umekwisha. Agosti nikasema, kwa nini maji yasinibebee? Nikaziba kalavati, nikachimba mtaro."

"Uliyabeba zamani yakiwa na rangi gani?"

"Ya kahawia. Nilikuwa nachota pale kwenye mashine." Alifunga mlango mwingine. "Haya yanaiva njiani."

"Chota. Kwa mikono miwili."

Clavery aliinama, akachota.

"Nusa."

Alinusa. Aliyashusha, akayainua, akanusa tena.

"Nestory alisema tumboni mwa ndama palinuka nini?" Kemirembe aliuliza.

"Sikumsikiliza Nestory."

"Uliwafunga wapi Jumatatu?"

Mzee alitazama mgomba wa tatu. Kamba ilikuwa bado imefungwa pale. Kuizunguka, hadi kamba inapofika, makapi yalikuwa yamelambwa mpaka udongo ukaonekana.

"Walikuwa wanapenda chumvichumvi yake," alisema taratibu.

"Twende na maji, mzee. Yanakotoka sisi tumeshaona."

Walishuka pamoja hatua hamsini, sitini. Mstari wa mwisho wa migomba haukuwa na mlango. Maji yaliupita, yakamwagika juu ya tuta, yakaingia kwenye udongo laini uliochimbwachimbwa nyuma ya ukuta wa mawe. Hapo yakawa yanazama. Yalizama kama yanamiminwa kwenye faneli. Upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na kile kisanduku cha zege.

Clavery alisimama mvua ikimpiga kichwani. Makapi bado yalikuwa mikononi mwake.

"Mama wee," alisema. "Mtoto amekunywa hiki."

Kemirembe alitoa daftari kwenye mfuko wa nailoni.

"Binti. Nikiufukia mtaro huu sasa hivi, nikafungua kalavati, maji yatasafika yenyewe. Kuna haja ya mtu kujua?"

"Mukandekezi anajua hakumimina."

"Atarudi tu. Mahakama itaona."

"Saa nane wanamchukua. Wewe unawajua vijana wa hapa kuliko mimi. Gari likipita naye, nyumba yake itakuwaje?"

"Mimi ndiye mwenyekiti wa maji!" Aliushika ufunguo uliokuwa shingoni. "Nitawatazama vipi wale wanawake na ndoo zao?"

"Hilo silijui, mzee. Ninalojua ni kwamba ni saa saba na dakika kumi."

Kemirembe alikata jani la mgomba, akamwekea Clavery mikononi alishike juu ya daftari kama paa, akaandika chini yake. Aliandika polepole, maneno machache: hakuona mtu akimimina, aliona chupa, yeye mwenyewe aliziba kalavati na kuchimba mtaro mwezi wa nane, maji ya uwanja wa malori yalipita kibanjani mwake hadi kwenye chemchemi. Akamsomea.

"Nisomee tena pale pa mtaro."

Akamsomea tena.

"Weka kwamba sikujua."

"Nimeweka. Tazama, hapa."

"Kusoma nasoma. Kuandika ndio mkono unatetemeka." Alimrudishia jani. "Nitaweka dole gumba. Wino uko wapi?"

Kemirembe alipapasa mifuko. Pedi ya wino ilikuwa kituoni, mezani, karibu na chupa.

Clavery alitazama dole gumba lake. Lilikuwa jeusi hadi kwenye mkunjo. Aliishika karatasi kwa pembeni isichafuke, akakandamiza mwisho wa maneno.

Lilitoka vizuri, kila mstari.

Kisha akavua kamba ya ufunguo shingoni. "Nenda na hiyo karatasi. Wanawake wako pale kwenye uzio, na vijana watakuja tu. Nitawaambia mimi. Kama ni kubomoa, waanze na mtaro."

Alichukua jembe, akashuka kuelekea uzioni.

*

Gari la polisi lilikuwa limeshawashwa. Mukandekezi alikuwa amekaa nyuma kwenye benchi la chuma, kati ya askari wawili, kitenge kimefunika kichwa. Nestory alifunga breki, pikipiki ikaserereka kwenye tope, na Kemirembe akaruka kabla haijasimama.

Inspekta Mwesiga aliisoma karatasi chini ya kibaraza. Aliisoma hadi mwisho. Akafungua faili, akaweka dole la bluu kando ya dole jeusi, akalinganisha.

"Kidole ni hicho hicho," alisema. "Wino huu ni wa wapi?"

"Nusa, afande."

Mwesiga alinusa. Aliitazama karatasi, akanusa tena, akatazama barabara.

"Na vijana?"

"Nimempigia Deodatus nikiwa njiani. Anasema wako kwenye kalavati na majembe, wanazibua. Mzee anawaelekeza. Hakuna aliyekwenda kwa Mukandekezi."

Inspekta aliwapungia mkono wale askari. Wakamshusha Mukandekezi. Alisimama uwanjani, akanyoosha magoti, akakifunga kitenge upya.

"Nipeni chupa yangu. Mbuzi wana kupe."

Kemirembe alimletea. Aliigeuza, akakagua mkanda kama anayetaka kuirudisha dukani, akaipachika kwapani.

"Na maji? Leo nachota wapi?"

"Leo hapana, mama. Wala kesho. Kisanduku kitaoshwa, tope lote litolewe, maji yapimwe. Na uwanja ule wa juu ukiendelea hivyo, mvua yoyote itatuletea tena, kwa njia hii au nyingine."

"Uwanja una mwenyewe?"

"Unaye."

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Afande, safari si imekufa? Nizime?"

Mukandekezi alimtangulia Kemirembe kujibu.

"Usizime, baba. Benchi nimeshalipasha moto. Mpelekeni huyo mwenyewe akalikalie."

Inspekta Mwesiga alifunga faili. Kemirembe alikuwa ameshapanda mbele, nguo zinachuruzika kwenye kiti.

"Barabarani," alimwambia dereva. "Uwanja wa malori. Kabla mvua haijakatika."